Je, wajua kwa nini mwanafunzi mpya wa sanaa huanzishwa na sufuria?

Kila Januari, kidato cha kwanza wanapoanza, hakosekani anayenifuata baada ya kipindi na kuniambia, "Mwalimu, mimi sina kipaji, naomba nihamie somo lingine." Awe anatoka Chang'ombe, Nkuhungu au Makole, hapa Dodoma, maneno ni yale yale. Wote wanadhani darasa la sanaa ni la wale ambao tayari wanajua kuchora.

Huwa simbishii. Naweka sufuria juu ya meza karibu na dirisha, nawaambia wote wachore wanachokiona. Dakika ishirini baadaye napita katikati ya madawati na kukuta kosa lile lile: mdomo wa sufuria ni duara kamili, kana kwamba mchoraji anachungulia kutoka darini, na kitako kimenyooka kama kimepigwa rula, kana kwamba ameshusha macho hadi usawa wa meza. Hakuna mahali mtu anaweza kusimama akaviona hivyo vyote kwa pamoja.

Kwa nini basi karibu kila mtu anachora hivyo? Kwa sababu kichwa kinajua kwamba mdomo wa sufuria ni duara, na kinajua kwamba sufuria imekaa mezani bila kuyumba. Mkono umechora hayo yanayojulikana, jicho halikuulizwa. Na si uzembe wa ubongo, ndiyo kazi yake. Basi la Kondoa likiondoka stendi, picha yake ndani ya jicho inazidi kuwa ndogo, lakini hakuna anayesema basi linanywea. Ubongo unarekebisha kila kitu haraka ili tuvitambue vitu kwa umbo na ukubwa wake wa kweli. Msaada huo mkubwa wa barabarani ndio unaomponza anayechora.

Ukiitazama sufuria kweli kweli ukiwa umekaa kwenye dawati, mdomo wake ni duaradufu, limebanwa juu na chini. Kitako nacho kinapinda, tena kinapinda zaidi ya mdomo, maana kadiri duara linavyoshuka chini ya usawa wa macho ndivyo linavyozidi kufunguka. Jaribu na kichwa chako pia. Simama mbele ya kioo, pima kwa penseli kutoka utosini hadi machoni, kisha kutoka machoni hadi kidevuni. Utaona macho yako karibu katikati kabisa. Wanafunzi wengi huyapandisha juu, kwa sababu paji la uso na nywele havituvutii kama macho na mdomo, hivyo tunavinyima nafasi.

Kwa hiyo ninachomdai mwanafunzi wa mwanzo ni macho. Nataka daftari la kuchorea lenye mchoro mmoja kila siku, hata wa dakika kumi: ndala, chungu, mbuyu ulio nyuma ya bweni. Ni marufuku kuchana ukurasa, kwa kuwa nasahihisha daftari zima, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mchoro mbaya wa Januari ndio unaoonyesha umbali uliotembewa. Raba inakaa mfukoni kwa wiki za mwanzo. Anayefuta mstari uliokosewa hubaki bila cha kulinganishia, mara nyingi anaurudia pale pale. Kunakili picha ya simu nako sikubali mwanzoni. Picha hiyo tayari imelala bapa, kazi ya kuona imeshafanywa na kamera.

Naagiza pia penseli laini, ya 2B na ya 4B, siyo HB ya kawaida peke yake, na wazazi huuliza sababu. Kiini cha penseli ni mchanganyiko wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi, njia aliyoibuni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli ni ngumu na mstari ni hafifu. Grafaiti ikizidi, ni laini na nyeusi, na kivuli cha sufuria kinahitaji weusi huo. Asiye na hela asihangaike. Vijiti vikavu vikifungwa kwenye kopo lenye tundu dogo na kopo likawekwa motoni, vinageuka mkaa mzuri sana wa kuchorea, kwa kuwa hewa haiingii kuviteketeza.

Rangi nayo si jambo la dukani tu. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, ipo katika mapango zaidi ya 150, na mingi ni ya rangi nyekundu iliyotokana na udongo wenye chuma. Twiga aliyechorwa pale Kolo, kijiji cha huko Kondoa, utamjua papo hapo. Kwangu mimi, ile ni kazi ya watu waliomtazama sana mnyama kabla ya kugusa jiwe.

Kukosoana tunafanya Ijumaa, kazi zote zikiwa ukutani. Neno "nzuri" peke yake halipokelewi, na "mbaya" halipokelewi kabisa. Unasema unachokiona: upande huu wa mdomo umepinda sawasawa, ule umechongoka kama ncha ya jani. Mwenye kazi anasikiliza bila kujitetea, kisha anarudi kwenye daftari lake.

Mwezi Machi narudisha sufuria ile ile mezani. Safari hii chumba hukaa kimya kidogo kabla penseli hazijashikwa. Wanainama, wanafumba jicho moja, wananyoosha mkono kupima, na yule aliyetaka kuhama somo anainuka kwenda kuchungulia kitako kinapinda wapi.