Kusoma unajua, ila mkataba umekupita

Nimeambiwa tena wiki hii: "Aah, mimi kusoma najua bwana, nimemaliza fomu foo." Hongera. Ila huyohuyo kasaini mkopo ukurasa wa mwisho bila kugusa zile za katikati. Nafundisha wenye maduka, mafundi na mama lishe kutunza mahesabu, na watu wanaosoma herufi vizuri kabisa huku karatasi ikiwapita ndo wengi.

Mepesi niyapitie fasta. Meseji ya malipo angalia imetoka wapi, ikija kwa namba ya kawaida ya simu hiyo siyo, halafu kagua salio kwenye simu yako wewe, siyo simu ya mteja. Katoni ya 12 x 500 ml ni lita 6. MFG ni siku bidhaa ilipotengenezwa, EXP ndo mwisho wake. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, soma kiasi na tarehe, usifurahie nembo ya TRA tu.

Haya, riba. Hapa ndo huwa napandisha hasira. Mkataba unasema "riba 3.5% kwa mwezi", mtu anaona ndogo hiyo, anasaini. Asilimia tatu na nusu ya nini?? Si ungemalizia sentensi! Kama ni ya mkopo wa awali, yaani flati, milioni 1 kwa miezi 12 riba yake ni 420,000, kwa sababu unakatwa 35,000 kila mwezi, hata mwezi wa mwisho ambapo deni lenyewe limebaki kama elfu themanini na kitu. Kama ni ya salio linalopungua, yaani ya deni lililobaki tu, kwa rejesho lilelile kila mwezi, riba yote inafika kama 242,000. Asilimia ileile jamani, tofauti laki na elfu sabini na kitu, mtaji wa mtu huo. Na hapo bado hujasoma ada ya fomu na bima, zinakatwa juu kwa juu, mkononi unapokea pungufu ila riba inapigwa kwenye milioni nzima. Na kwenye dhamana wameandika "mali zote za biashara", friji yako imo.

Ila niseme ukweli, sina uhakika kama darasa langu linatibu hili. Namjua mama muuza dagaa, kusoma kwake kwa kuungaunga, ila kila karatasi binti yake anamsomea kwa sauti, asipoelewa anamwambia rudia, na haweki dole gumba mpaka afisa mkopo amwandikie jumla ya marejesho kwa shilingi. Nani msomi hapo? Halafu kuna wanaoelewa kila kitu na bado wanasaini kwa sababu ada ya mtoto ni kesho. Hao sina cha kuwafundisha.

Wengine wote, kabla ya kusaini ombeni ratiba ya marejesho mjumlishe wenyewe, na muondoke na nakala ya mkataba. Nikiwauliza darasani nakala iko wapi, wengi wanasema iko ofisini kwao, kwa aliyewakopesha.