Jeraha la moto lisilouma ndilo linaloniogopesha

Ndugu wa majeruhi mara nyingi hunieleza kwa matumaini kwamba jeraha haliumi sana. Kwangu hiyo si habari njema.

Moto ulioishia kwenye tabaka la juu la ngozi, yaani daraja la kwanza, huuma na kuacha wekundu (kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi), kisha hupona kwa siku chache. Daraja la pili hufika tabaka la ndani. Malengelenge hutoka, chini yake pana majimaji, na hata upepo ukipita mgonjwa hulia. Likiwa la juujuu hupona kwa wiki mbili au tatu. Likizama, maumivu hupungua na kovu haliepukiki kirahisi. Daraja la tatu limeteketeza unene wote wa ngozi pamoja na mishipa ya fahamu iliyomo. Ngozi huwa nyeupe, kahawia au nyeusi, imekakamaa, na ukiigusa mgonjwa hahisi. Hapo kwa kawaida tunalazimika kupandikiza ngozi.

Hata hivyo, kina hakisomeki vizuri siku ya kwanza. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji Douglas Jackson alieleza kwamba sehemu iliyokufa imezungukwa na eneo ambalo damu inapita kwa shida. Eneo hilo laweza kupona, laweza pia kufa siku zinazofuata. Ndiyo sababu nasisitiza maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ndani ya saa 3 za kwanza. Barafu hapana, hubana mishipa ya damu.

Ukubwa nao una uzito wake. Kiganja cha majeruhi pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake. Wekundu mtupu hatuuhesabu. Ikizidi asilimia 15 kwa mtu mzima, au 10 kwa mtoto, kwa kawaida tunamtundikia dripu, kwa sababu mishipa midogo ya damu huanza kuvujisha maji, hata mbali na jeraha ikiwa eneo ni kubwa, na figo hukosa damu ya kutosha. Saa za dripu huhesabiwa tangu alipoungua. Akichelewa njiani, tayari ana deni la maji.

Umeme haufuati vipimo hivi. Huweza kuacha alama ndogo kidoleni huku misuli ya ndani imeungua. Mkojo ukibadilika ukawa mweusi au mwekundu uliokolea, figo ziko hatarini, hata kama ngozi karibu yote ni nzima.