GPS ya ndani ya kishikwambi: ni kitu gani, na nani ailipie

Dukani unakuta vishikwambi viwili vya jina moja: kioo kilekile, kamera ileile, hata kava ni moja. Kimoja kinamzidi mwenzake bei kwa laki kadhaa, na ukiuliza sababu unaambiwa kina laini na GPS. Kabla ya kulipa hiyo ziada, fikiria utakuwa wapi pale unapokihitaji kikuonyeshe ulipo.

GPS ya ndani ni kipokezi: chipu ndogo na antena yake, kazi yake kusikiliza setilaiti. Haitumi chochote angani, haili bando, haihitaji laini. Setilaiti zenyewe ni za serikali ya Marekani. Zinazofanya kazi ni kama 31, ziko kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku. Muda wote kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo. Kishikwambi kinapima ishara imechelewa kiasi gani njiani, na kikizipata nne kwa pamoja kinakokotoa ulipo. Ucheleweshaji wenyewe ni mdogo mno, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na saa ikikosea hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, mahali panahama kwa mita 300. Chipu za siku hizi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, ndiyo maana kwenye maelezo ya kifaa utaona majina hayo yamepangwa pamoja. Zote ni bure.

Hapo ndipo wengi wanapojichanganya, kwa sababu kwenye kioo vitu vitatu vinaonekana kama kimoja. Kuna kujua ulipo, kuna picha ya ramani, na kuna intaneti. GPS inakupa namba mbili tu, latitudo na longitudo. Ramani inayochorwa chini ya kile kidoti cha bluu inatoka kwenye intaneti, au kwenye kumbukumbu ya kifaa kama uliipakua mapema. Ndiyo maana mtu mwenye GPS nzima kabisa anaweza kufika porini akaona kidoti kimekaa juu ya kioo cheupe, akasema GPS imekufa. Haijakufa. Aliondoka mjini bila kupakua ramani, wakati programu kama Organic Maps na OsmAnd, na hata Google Maps, zinaruhusu kuibeba nchi au mkoa mzima.

Kishikwambi kisicho na GPS nacho huonyesha ulipo, na hapo ndipo mnunuzi anapochanganyikiwa. Kinasikiliza vifaa vya Wi-Fi vilivyo karibu, kinapeleka utambulisho wa vifaa hivyo kwenye hazina ya Google au Apple, nayo inajibu: ukisikia hivi na hivi, basi uko mtaa fulani. Posta ya Dar es Salaam au Westlands, Nairobi, ambako kila ghorofa ina Wi-Fi yake, jibu huwa zuri, na ndani ya jengo linaweza hata kuishinda GPS. Nenda vijijini Ngara au Kilosa, Tanzania, hakuna Wi-Fi ya kusikiliza wala intaneti ya kuulizia. Kifaa kinanyamaza, au kibaya zaidi, kinakuonyesha mahali pa mwisho palipojulikana kana kwamba bado upo hapo.

Kwa iPad sheria ni moja na haijabadilika tangu ya kwanza ya mwaka 2010: ya Wi-Fi pekee haina GPS, ya laini inayo. Mwaka ule tofauti ilikuwa dola 130, kutoka 499 hadi 629. Watu wengi walidhani wanalipia intaneti tu, kumbe wanalipia na kipokezi, ambacho hufanya kazi hata usipoweka laini maishani. Android haina sheria moja. Vipo vishikwambi vya Wi-Fi tupu vyenye GPS kamili, kama Nexus 7 ya 2012, na vipo vya bei nafuu ambavyo hawakuiweka ili kupunguza gharama. Usikisie kwa bei wala kwa jina la kampuni. Soma maelezo ya namba ya modeli yenyewe.

Sasa nani anaihitaji? Mtu wa nyumbani, wa filamu, wa masomo ya watoto, wa kusoma PDF kitandani, haihitaji, na simu yake mfukoni tayari inayo. Hata anayetaka ramani kubwa garini ningemshauri asikimbilie. Simu inatosha, na kishikwambi kilichobandikwa chini ya kioo cha mbele kina shida yake: Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na gari lililosimama juani mchana Tanga au Mombasa linapita hapo bila jitihada.

Anayeihitaji kweli ni mtu wa kukusanya takwimu. Sensa ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zilifanyika kwa vishikwambi, na siku hizi miradi ya maji, afya na kilimo inafanya hivyo hivyo kwa programu za kujazia fomu kama KoboCollect au ODK. Kwenye fomu kuna swali la mahali. Unaligusa, unasubiri, na namba ya usahihi inaanza kushuka: mita 48, 20, 11, 6. ODK ikiachwa ilivyo huhifadhi yenyewe usahihi ukifika mita 5. Ukiwa kwenye kibanja cha Kagera, kahawa chini na migomba juu, namba hiyo inaweza kugoma kwenye 15 mpaka utoke hatua chache kwenye uwazi. Kazi hii haifanyiki kwa kubahatisha kwa Wi-Fi. Tatizo ni kwamba kifaa kinaweza kuandika nukta ya uongo bila kulalamika, na makosa yakaonekana ofisini baada ya mwezi, nyumba 20 zikiwa zimerundikana juu ya nukta moja.

Kahawa imeleta sababu mpya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu mazao yanayohusishwa na ukataji misitu inadai nukta ya kila shamba kwa tarakimu sita baada ya desimali, na shamba linalozidi hekta 4 lichorwe mpaka wake mzima. Kwa chama cha ushirika kinachopeleka kahawa huko, GPS si anasa tena.

Ila tarakimu sita zisikulaghai. Desimali ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, na kishikwambi kitaiandika kwa ujasiri wote, wakati usahihi wa vifaa vya aina hii, hata mbingu ikiwa wazi, ni kama mita 5. Fanya hesabu. Ekari moja yenye umbo la mraba ina upande wa mita 64 hivi. Kosea mita 5 kwenda nje kila upande, unapata mita 74 kwa 74, yaani ekari moja na theluthi. Kwa kuonyesha shamba liko wapi, inafaa. Kwa kuamua ugomvi wa mpaka na jirani, haifai hata kidogo. Mwite mpima ardhi na vifaa vyake.

Kama tayari una kishikwambi kizuri kisicho na GPS, usikiuze kwanza. Kuna vipokezi vya nje vya Bluetooth, kama Garmin GLO, ambavyo marubani wamevizoea. Kwenye iPad kinaungana chenyewe. Kwenye Android utahitaji programu ya kukipitisha. Ni kitu kimoja zaidi cha kuchaji, na kwa timu ya watu kumi ningenunua vyenye GPS ya ndani moja kwa moja.

Ukiwa dukani, muuzaji atafungua Google Maps, kidoti kitatua barabara ileile ya duka, na atakwambia, "Si unaona, bosi, GPS hiyo." Hapo hujaona kitu, maana kishikwambi kiko kwenye Wi-Fi ya duka. Mwombe uweke programu ya bure ya GPSTest, washa hali ya ndegeni, hakikisha Wi-Fi imezimwa, kisha toka naye nje mahali panapoonyesha mbingu, mbali na maghorofa. Kifaa kipya bila intaneti kinaweza kuchelewa, maana ratiba nzima ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kushuka kutoka angani, kwa hiyo kipe robo saa. Setilaiti zikianza kujipanga kwenye orodha na namba za mahali zikatokea, lipa. Orodha ikibaki tupu, chukua kile cha bei ya chini au nenda duka jingine.