Ini, dawa na maneno ya kibarazani

Wifi yangu alipofika wiki ya tano ya dawa za kifua kikuu, samaki akawa hataki hata kumnusa. Nyumba nzima pale Ngamiani tukakata shauri: hiyo ni mimba. Zahanati moja nayo ikamwambia hivyo hivyo, bila kipimo, akarudi nyumbani. Siku nne baadaye alikaa mlangoni anachagua mchele, jua la asubuhi likampiga usoni, nikaona weupe wa macho yake umekuwa kama umepakwa bizari. Mkojo, aliniambia kwa kunong'ona, ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyolala kwenye birika. Hakuwa na mimba. Ini lake lilikuwa limeumizwa na dawa.

Tangu siku ile, maneno haya nikiyasikia siwezi kunyamaza.

"Ini ni ugonjwa wa wanaume walevi." Wifi hajawahi kuonja hata tembo la mnazi. Pombe huharibu ini, ni kweli, lakini dawa huweza kumdhuru hata asiyekunywa, kwa sababu ini ndilo linalozivunja dawa nyingi, na mabaki ya kazi hiyo mara nyingine huwa sumu au huchokoza kinga ya mwili. Marekani, ambako wagonjwa wa namna hii wameandikishwa kwa miaka mingi, takribani 6 kati ya 10 ni wanawake. Kwa wale ambao ini lilishindwa kabisa kutokana na dawa zisizo parasetamoli (ndiyo Panadol), wanawake wanafika 7 kati ya 10. Hilo la pili ndilo linaloniumiza zaidi: wao ndio wanaofika kwenye hali mbaya.

"Basi kila dawa humwonea mwanamke." Hapana, inategemea ni dawa gani. Amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, dawa ya kuua bakteria, huwapata zaidi wanaume wenye umri mkubwa, na macho ya njano yanaweza kutokea wiki kadhaa baada ya dozi kuisha, wakati mtu ameshaisahau dawa yenyewe. Homoni za kujaza misuli nazo ni balaa la vijana wa kiume wa jim. Nitrofurantoini, ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), huwadhuru zaidi wanawake, ila hesabu yake isomwe kwa makini: UTI yenyewe huwasumbua wao zaidi, kwa hiyo ndio wanaoandikiwa mara nyingi.

"Mwenye kinga imara hana la kuogopa." Hapa nataka tukae kidogo, maana kuna mama zetu wengi waliopitia nevirapini, dawa ya VVU iliyotumika sana nchini miaka ya 2000. Ilikuja kubainika kwamba waliokuwa hatarini zaidi kuumia ini ni walioanza dawa hiyo kinga yao ikiwa bado juu. Na mstari haukuwa mmoja kwa wote. Mwanamke mwenye CD4 (hesabu ya chembe za kinga kwenye damu) zaidi ya 250 hakutakiwa kuanzishiwa, ila pale tu faida ilipozidi hatari. Kwa mwanaume mpaka ulikuwa 400. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo hadharani. Hatari ilikuwa kubwa zaidi katika wiki 6 za mwanzo, mara nyingi ikiandamana na vipele na homa. Dozi moja aliyopewa mama wakati wa uchungu ili kumkinga mtoto haikuwa na tatizo hilo. Dawa ile ile, mwili wa kike na wa kiume, namba mbili tofauti: sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

"Panadol ni kama maji." Kwa mtu mzima ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, basi, na mwenye mwili mdogo hupunguziwa. Shida ni kwamba vidonge vingi vya mchanganyiko vya mgongo na mafua vina parasetamoli ndani. Soma pakiti, au muulize muuza dawa akusomee.

"Ukiona dawa inakudhuru, iache kimya kimya." Hili karibu lituponze. Kuacha dawa za kifua kikuu bila usimamizi huurudisha ugonjwa, na unaweza kurudi ukiwa sugu. Macho ya njano, mkojo mweusi, kutapika kusikoisha, maumivu chini ya mbavu za kulia: nenda kituoni siku hiyo hiyo na vidonge mkononi, udai ini lipimwe. Mimba ipimwe pia, isikisiwe.

Wifi walimsimamishia dawa zote hospitalini, wakasubiri vipimo vishuke, kisha wakazirudisha moja baada ya nyingine, kila mara wakichukua damu. Pirazinamidi, mojawapo ya dawa hizo, hawakuirudisha, na tiba ikarefushwa hadi miezi 9. Siku aliyomaliza aliomba changu wa kupaka, akamla mpaka kichwa.