Kinyama cha Kibofu Kikiwa Maabara: Yanayosemwa Mtaani na Ukweli Wake

Mtu akipigwa ultrasaundi Malindi, karatasi ikaandikwa kuna uvimbe ndani ya kibofu cha mkojo, jamaa na majirani huanza kumhukumu kuwa ana saratani kabla daktari hajasema lolote. Kisha hutolewa kinyama cha kupimwa, na hapo huanza kungoja. Wengi hupotea katika kungoja huko: asirudi kwa majibu, ahamie kwa mganga, au aende kwa nduguye Garsen na simu izimwe. Yafuatayo ndiyo maneno yanayowapoteza.

"Kansa ikiguswa na kisu hutawanyika." Hili ndilo zito kuliko yote, na linaaminiwa hata na watu waliosoma. Chanzo chake kinaeleweka. Wagonjwa wengi hufika kwenye upasuaji wamechelewa, ugonjwa umeshaenea, wakifariki baadaye lawama huangukia kisu. Ukweli ni kwamba kwa kibofu, aghalabu tumbo halipasuliwi. Daktari hupitisha mrija mwembamba wenye taa na kamera kwenye njia ya mkojo, akautazama uvimbe kwa macho na kuukwangua vipande vipande. Kutoa vipande hivyo hakuipeleki saratani mwilini. Kuuacha uvimbe ndiko kunakoupa nafasi ya kuzama hadi kwenye msuli wa kibofu, na ukishafika huko matibabu huwa mengine kabisa, pengine hata kibofu chenyewe kutolewa.

Isitoshe, bila kinyama hakuna anayejua uvimbe huo ni nini. Bonge la damu lililoganda, ukuta uliovimba kwa kichocho, tezi dume iliyokua ikasukuma kibofu: vyote hivyo vyaweza kuonekana kwenye picha kama uvimbe wa saratani. Na picha yaweza kukosa uvimbe mdogo uliolala kwenye ukuta. Hata kipimo cha kutafuta chembe za saratani kwenye mkojo hukosa nyingi za zile zinazokua polepole. Kwa hiyo karatasi ya ultrasaundi si hukumu, wala si hati ya kuachiliwa.

"Majibu yamechelewa, basi ni mabaya." Siyo. Kinyama hulowekwa kwenye formalini kisioze, kikakaushwa maji, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa tabaka nyembamba kuliko unywele, kikapakwa rangi, ndipo mtaalamu akisome kwa hadubini. Asiporidhika huomba rangi nyingine za ziada, au huomba mwenzake naye atazame. Ikibidi sampuli isafiri hadi Mombasa, kilomita kama 120, siku huongezeka tena. Huo wote ni muda wa kazi, hauhusiani na uzuri wala ubaya wa jibu.

Linaloniumiza zaidi ni kinyume chake: "Hawajapiga simu, basi ni salama." Pengine hakuna atakayepiga. Jibu laweza kukaa kwenye faili huku mwenyewe akishukuru Mungu nyumbani. Siku ya kutolewa kinyama, uliza: kinapelekwa maabara gani, namba yake ni ipi, nirudi tarehe gani, nimpigie nani? Piga picha risiti. Tarehe ikipita, nenda. "Shikamoo daktari, nimekuja kuulizia majibu ya kinyama cha baba." Hapo hujamsumbua mtu. Ni haki yako.

"Damu imekatika, nimepona." Damu ya uvimbe wa kibofu ina tabia ya kuja na kuondoka, mara nyingi bila maumivu yoyote. Mtu akojoe damu leo, anywe mwarobaini, kesho mkojo uwe safi, sifa zote ziende kwa mwarobaini. Mwezi wa pili damu inarudi. Anayetaka kisomo na asomewe, dua haigombani na hadubini. Bali dawa za mizizi zisizo na kipimo zaweza kuumiza figo, na figo hizo zitahitajika ikija zamu ya matibabu.

"Ni kichocho tu, sisi tumekua nacho." Kwa watu wa kandokando ya mto Sabaki neno hili si la kubeza, kwani kichocho cha mkojo, ugonjwa wa minyoo, kiko pwani yetu kweli. Konokono wanaobeba minyoo hiyo huishi kwenye maji baridi, ya mito na mabwawa, si baharini. Lakini mayai ya minyoo hiyo yakikaa kwenye ukuta wa kibofu miaka mingi huufanya ukuta huo uvimbe, upone, kisha uvimbe tena, na tangu 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamekitaja kichocho hicho kuwa kisababishi cha saratani ya kibofu. Dawa huua minyoo, haifuti makovu ya zamani. Mwambie daktari kama uliwahi kuugua utotoni. Mwambie na sigara pia, maana ndiyo inayoongoza duniani kwa kusababisha ugonjwa huu: sumu zake huchujwa na figo, zikakaa kibofuni pamoja na mkojo.

Saratani hii haiambukizi. Kuleni sahani moja. Na wanawake huipata, ingawa wanaume ni wengi zaidi; mama anayetibiwa "maambukizi ya mkojo" mara kwa mara huku damu ikitoka, apelekwe akachunguzwe.

"Majibu yakija, mzee asiambiwe." Najua linatokana na mapenzi. Lakini saratani hii ina desturi ya kurudi, na anayeitibu humwita mgonjwa kuchunguzwa kwa mrija tena na tena kwa miaka. Mzee asiyejua ana nini atachoka safari ya pili. Tena huenda mnamficha jambo lenye tiba. Katika nchi za Magharibi, karibu robo tatu ya wagonjwa hugunduliwa uvimbe haujafika kwenye msuli, na baadhi yao hutiwa kibofuni chanjo ileile ya BCG wanayochanjwa watoto wachanga, ili kinga ya mwili iamke.

Wakati wa kungoja, mkojo ukiziba, yakitoka mabonge ya damu, au ikija homa ya kutetemeka, usingoje tarehe, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na siku ya majibu uliza mambo matatu: ni aina gani, umezama kiasi gani, na je, msuli ulionekana kwenye kinyama? Usipoonekana, huenda mkaambiwa kirudiwe. Kubalini kirudiwe.