Saratani ya titi iliyo bado ndani ya mrija: maswali kabla ya upasuaji

Majibu yangu yameandikwa "DCIS, hatua ya 0". Ni saratani au siyo?

DCIS ni jina fupi la hali hii: seli za saratani zipo, ila zimo ndani ya mirija ya maziwa na hazijatoboa ukuta wake. Mara nyingi hata uvimbe haushikiki. Mamogramu, yaani eksirei ya titi, ndiyo huonyesha vichembe vya chokaa, vyeupe, vidogo kama punje za chumvi. Una wiki kadhaa za kuuliza na kupanga. Usiuache tu ugonjwa huu, kwa sababu baadhi huja kuvuka ukuta na hakuna kipimo kinachotabiri kwa uhakika upi utavuka.

Lazima titi likatwe lote?

Wengi, hapana. Huondolewa eneo lenye ugonjwa pamoja na ukingo safi, usio na seli za saratani, wa angalau milimita 2. Kwa kuwa hakuna cha kushika kwa mkono, kabla ya upasuaji huchomekwa waya mwembamba kwa kuongozwa na picha, ncha yake ikakaa penye vichembe. Kipande kikitoka hushonwa nyuzi za kuonyesha upande wa juu na wa pembeni, kisha hupigwa eksirei kuhakikisha vichembe vimo. Maabara ikikuta seli kwenye ukingo, utarudishwa upasuaji.

Titi lote huondolewa ugonjwa ukiwa umetapakaa, au pale mionzi isipowezekana. Hapo uliza pia kuhusu kupima tezi ya kwanza ya kwapa, ile ambayo saratani ikisambaa huifikia kwanza, siku hiyohiyo. Titi likishaondoka, kipimo hicho ni kigumu kukifanya.

Nikitolewa sehemu tu, mionzi ya nini tena?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kisu. Mionzi hupunguza ugonjwa kurudi katika titi hilo kwa karibu nusu, na katika kila mara mbili unaporudi, karibu mara moja huja ukiwa umeshatoboa ukuta. Hupigwa mara 15 au 16 kwa wiki tatu hivi, au mara 25 kwa wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila kipindi ni dakika chache, lakini kwa mkazi wa Kigoma maana yake ni kupanga mahali pa kulala Mwanza karibu na hospitali ya Bugando, au Dar es Salaam karibu na hospitali ya saratani ya Ocean Road. Piga hesabu ya nauli, chumba na nani atabaki na watoto. Isipowezekana kabisa, mwambie daktari mapema: huenda akashauri titi lote litolewe, au, kama eneo ni dogo na seli ni za daraja la chini (zinazokua polepole), mjadili kuacha mionzi.

Na dripu za kemo?

Hazihitajiki kwa ugonjwa huu. Vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazonasa homoni, vikionekana, hutolewa vidonge vya tamoksifeni miligramu 20 kila siku kwa miaka 5. Usishike mimba ukiitumia. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikabana ghafla, au ukitokwa damu baada ya kukoma hedhi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa nini kipimo cha vipokezi wakati mwingine huharibika?

Nyama iliyokatwa huchelewa kuingizwa kwenye formalini, dawa ya maji ya kuihifadhi isiharibike. Iingie ndani ya saa moja, kwenye formalini ya asilimia 10, nyingi mara kumi ya kipande chenyewe. Ukikabidhiwa chupa uipeleke maabara mwenyewe, ipeleke siku hiyo na udai stakabadhi yenye jina lako.