Maudhi ya dawa si madhara ya dawa

"Mjomba, vumilia, hayo ni maudhi tu ya dawa." Nimeyasikia tena juzi hapa Masasi, kwenye benchi la dirisha la dawa. Mzee aliyeambiwa alikuwa akikohoa kikohozi kikavu, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika kopo la vidonge vya homa ya ini B. Aliyesema alimwonea huruma, ila neno alilomchagulia silo.

Maudhi ni usumbufu mdogo wa dawa, wa kupita. Madhara ni dawa kuumiza kiungo. Basi.

Yote mawili tumeyatoa Kiarabuni, na kwa kuwa tunayaandika kwa dh ile ile, sikio huyadhania ndugu. Aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba si ndugu, maana Kiarabu kina herufi mbili tofauti, dhali na dhadi. Maudhi ni ya kuudhi, kwa dhali: kero, kama redio ya jirani usiku wa manane. Madhara ni kwa dhadi, na ndugu yake wa tumbo moja ni dharura. Hapo ndipo ninapoumia. Mtu akiambiwa "maudhi" anarudi nyumbani kungoja, na huenda lililomkuta ni la upande wa dharura.

Tazama sindano ya interferoni, iliyotumika miaka mingi kutibu homa ya ini B na C. Ukichomwa, jioni unapata homa na mwili unauma: maudhi hayo, meza paracetamol ulale. Lakini kwa wachache sindano hiyo hiyo huvimbisha mapafu bila kijidudu chochote. Kikohozi kikavu hakikomi, pumzi inakata kwa kutoka tu kisimani. Antibayotiki haisaidii, maana si nimonia ya vijidudu. Daktari huisimamisha interferoni, na wapo waliokufa kwa hali hiyo. Ribavirini iliyokuwa ikiambatana nayo kwa homa ya ini C ina la kwake: huvunja chembe nyekundu za damu, damu ikapungua, mgonjwa akahema ingawa mapafu ni mazima.

Vidonge vya mzee wangu vilikuwa tenofovir, ambavyo wauguzi huviangalizia figo na mifupa. Mapafu si mahali pake. Kwa hiyo kikohozi kile kilihitaji kutafutiwa chanzo chake. Kikifika wiki mbili, makohozi yapimwe kifua kikuu. Na huku kwetu lazima uulize pia kama mtu alikuwa shambani wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho; unga ule wa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unakwangua koo na kifua.

Nilisogea nikamwambia: "Mjomba, vidonge usiviache mwenyewe, homa ya ini inaweza kurudi kwa nguvu. Ila ukifika dirishani usiseme una maudhi. Sema unakohoa, tangu lini, na kama pumzi inakata."